Matanga Yakiisha: Kuwasaidia Wazazi Waliofiwa na Mtoto kwa Saratani

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo sitazungumza juu ya chanjo, wala uji wa mtoto, wala neti ya mbu. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Mtoto anapofariki kwa saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita, wazazi wake hubaki katika hali gani? Na sisi majirani, ndugu, wanachama wenzao na waumini wenzao, tuwasaidie vipi?

Kama wewe ni mzazi uliyefiwa na uko nasi sasa, kwanza pole. Pole sana. Ukiona maneno yamekuwa mazito, zima redio au funga kijitabu hiki, utarudi siku nyingine. Hakuna atakayekulaumu.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni kweli. Lakini hawakusema mzazi aachwe peke yake na uchungu huo.

Niruhusu nianze na kisa ninachokijua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Kisa cha Mama Baraka

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati moja ndogo magharibi mwa Kenya. Siku moja alikuja mama na mwanawe wa miaka sita. Nitamwita Mama Baraka, ingawa hilo si jina lake. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba kidogo, na jino moja lilikuwa linalegea. Nilimtazama kinywani, nikasema ni jino. Mtoto wa miaka sita si meno hulegea? Nikampa dawa ya maumivu na dawa ya kuua viini, nikamwambia mama arudi baada ya wiki mbili kama hajapona.

Aliporudi, uvimbe ulikuwa umeongezeka maradufu, na jicho la upande ule lilikuwa limeanza kusukumwa juu. Siku hiyohiyo tulimwandikia barua aende hospitali ya kaunti, na kutoka huko akapelekwa hospitali kubwa ya rufaa. Ilikuwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Jina hilo linatokana na daktari Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka wa 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Huonekana zaidi kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kama yale yanayozunguka Ziwa Victoria na sehemu za pwani. Hukua upesi mno, kwa siku si kwa miezi. Hata hivyo inatibika, na watoto wengi wanaopata dawa mapema hupona.

Baraka hakupona. Alitibiwa kwa miezi minne, akafariki alfajiri moja wodini, mama yake amemshika mkono.

Mazishi yalijaa watu. Kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, chai ya usiku, nyimbo na michango. Kifo cha wengi ni harusi. Siku ya nne turubai likang'olewa, viti vikarudishwa, kila mtu akaenda kwake.

Miezi miwili baadaye nilimwona Mama Baraka sokoni akinunua omena. Niligeuka, nikapita nyuma ya vibanda vya nyanya. Sikutaka macho yetu yakutane.

Baada ya siku chache alikuja zahanati na mtoto wake mdogo, Neema, kwa matone ya vitamini A. Nilifungua daftari, nikauliza kama nilivyozoea kuuliza kila mama, "Una watoto wangapi?" Akanyamaza. Foleni ilikuwa ndefu. Kisha akasema polepole, "Sista, sijui nikujibu vipi. Na siku ile sokoni nilikuona ukigeuka. Hata wewe?"

Niliweka kalamu chini. Nilimwomba mwenzangu ashike zamu, tukaingia katika chumba cha ndani. Nikamwambia ukweli: nilikuwa nikiona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ni jino. Nikamwomba msamaha.

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Mimi nilikaa na uvimbe ule wiki tatu kabla ya kuja kwako. Mama mkwe alisema ni jino. Kila usiku nazihesabu zile wiki tatu." Kumbe tulikuwa wawili tunaohesabu, kila mmoja kivyake.

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililoleta mazungumzo haya. Tangu mazishi, watu walikuwa wameacha kumwita Mama Baraka. Walianza kumwita Mama Neema. Walidhani wanamhurumia. "Walimzika mtoto," alisema, "halafu wakamzika na Mama Baraka."

Mzazi, hukumuua mtoto wako

Msikilizaji, jambo la kwanza linalomsumbua mzazi baada ya matanga ni swali: nilikosea wapi? Kwani nilichelewa? Ni kitu nilichokula nikiwa na mimba? Ni laana? Ni jicho la mtu?

Sikiliza vizuri. Saratani nyingi za watoto hazina chanzo kinachojulikana. Hazitokani na kitu ambacho mama alikula, wala na ugomvi wa nyumbani, wala na mila ambayo haikutimizwa. Saratani si laana. Haiambukizi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kuvaa nguo za mtoto. Nguo zake hazina hatari yoyote. Zikae, zigawanywe, ni hiari ya wazazi.

Na je, kuhusu kuchelewa? Sitakudanganya kwamba muda hauna maana, kwa sababu una maana. Lakini tazama hesabu hizi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya watoto 30 kati ya 100. Je, akina mama wa kule wanawapenda watoto wao kuliko sisi? La. Tofauti ni umbali wa hospitali, vipimo, dawa zinazokosekana, nauli, na wahudumu kama mimi ambao hawakutambua ugonjwa siku ya kwanza. Ndiyo maana mwaka wa 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha angalau watoto 60 kati ya 100 wanapona kufikia mwaka wa 2030. Mzigo huu ni wa nchi nzima. Usiubebe wewe peke yako kichwani mwako usiku.

Wiki mbili zangu nazijua. Huenda zingemwokoa Baraka, huenda la. Hakuna daktari aliyeweza kuniambia. Nilichoweza kufanya ni kuzikubali. Tangu siku ile, mtoto mwenye shavu lililovimba haondoki mbele yangu bila kuonwa na afisa wa kliniki. Lakini mama aliyemleta mtoto wake kwa mhudumu, akafuata aliloambiwa, huyo hakukosa.

Kuna swali lingine ambalo wazazi huniuliza kwa kunong'ona. Mtoto anapofika mwisho, mara nyingi hupewa mofini ya maji ili asiumie. Mzazi humpa kwa mkono wake. Kisha mtoto anafariki, na mzazi anabaki akiwaza, "Ni ile dozi ya mwisho niliyompa." Mama, Baba, mofini iliyopimwa na daktari kwa ajili ya maumivu ya mtoto haikumuua. Ugonjwa ndio uliomuua. Ulichofanya ni kumpunguzia mateso. Ikiwa chupa bado iko nyumbani, irudishe hospitalini au kwenye hospisi ilikotoka. Usimpe mtu mwingine, na usiiache mahali ambapo watoto wanafika.

Neno moja kwa waliofiwa na mtoto kwa saratani ya jicho, ile inayofanya mboni ing'ae nyeupe. Aina hiyo mara nyingine hupitia katika ukoo. Haimaanishi mtu amelaaniwa. Inamaanisha watoto wengine wa nyumba hiyo, hata atakayezaliwa baadaye, wapelekwe kwa daktari wa macho wachunguzwe mapema. Ikipatikana mapema, hutibika.

Huzuni hufanya nini mwilini

Watu hudhani huzuni ni machozi tu. Mzazi aliyefiwa anaweza kuumwa kifua, kichwa au tumbo. Anaweza kukosa usingizi, au kulala mchana kutwa. Chakula hakina ladha. Anasahau sufuria motoni. Anakasirika kwa jambo dogo. Anaweza kusikia mtoto akimwita, au kumwona mlangoni kwa nukta moja. Hayo yanawatokea wengi, wala si wazimu.

Mama aliyekuwa bado ananyonyesha ana uchungu mwingine. Maziwa hayajui kwamba mtoto ameondoka. Matiti yatajaa na kuuma. Kamua kidogo tu ili upate nafuu, usikamue yote, maana ukikamua yote yataendelea kuja. Weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, vaa sidiria inayokushika vizuri, na baada ya siku kadhaa yatapungua. Ukipata homa, au titi likiwa jekundu na moto, nenda kituo cha afya.

Tena, mzazi aliyemuuguza mtoto kwa miezi mingi anaweza kuhisi nafuu mtoto anapofariki, kisha akajichukia kwa kuhisi hivyo. Ndugu yangu, hukufurahi kwamba mtoto amekufa. Umefarijika kwamba mtoto haumii tena. Ni mambo mawili tofauti.

Na huzuni hii haina tarehe ya kuisha. Haimaliziki kwa siku ya tatu, wala kwa arubaini, wala mwaka ukitimia. Hupungua makali, kisha siku moja unasikia sauti inayofanana na yake na inarudi upya. Mzazi hapaswi kuambiwa, "Bado unalia tu?"

(Muziki mfupi)

Sisi majirani tufanye nini?

Karibu tena. Sasa nazungumza nawe uliye jirani, shangazi, nyanya, au mwenzake katika chama.

Kwanza, nenda. Usisubiri upate maneno mazuri, hayapo. Ukifika sema, "Pole. Sijui niseme nini, nimekuja tukae." Kisha kaa. Ukiona analia, mwache alie. Akinyamaza, nyamaza naye. Chambua mboga naye. Kuchambua mboga ni mazungumzo pia.

Pili, mtaje mtoto kwa jina lake. Wengi tunaogopa kwamba tukimtaja tutamkumbusha mama. Mama hajasahau hata dakika moja. Anachoogopa yeye ni kwamba sisi tumesahau. Sema, "Nakumbuka Baraka alivyokuwa akinipokea mzigo pale njiani." Na kama ulimwita Mama Baraka jana, mwite Mama Baraka leo. Ikiwa yeye mwenyewe atapenda aitwe kwa jina la mtoto mwingine, atakuambia. Muulize, usimwamulie.

Tatu, chunga ulimi. Kuna maneno tunayoyasema kwa nia njema na yanaumiza. Tusiseme, "Utapata mwingine." Mtoto si kikombe kilichovunjika. Tusiseme, "Shukuru una wengine." Tusiseme, "Mungu alimpenda zaidi," maana mzazi atajiuliza kama yeye hakumpenda vya kutosha. Tusiseme, "Mngempeleka mapema." Na tusiseme, "Jikaze." Amejikaza miezi yote ile wodini.

Nne, fanya kazi, usiseme tu, "Ukihitaji kitu niambie." Hataambia mtu. Chota maji. Fua. Peleka mtoto wake shule pamoja na wako. Palilia mistari yake ya mahindi. Mama aliyekaa hospitalini miezi minne anakuta shamba limejaa magugu na kuku wameisha. Mara nyingi ng'ombe ameuzwa na kuna deni la hospitali au la mazishi. Kamati nyingi za mazishi hufunga daftari siku ya kuzika. Ingefaa daftari lile lifunguliwe tena baada ya mwezi mmoja, tuulize, "Mmebakiwa na deni gani?" Chama kinaweza pia kumwondolea mchango kwa miezi michache, bila kumpotezea zamu yake ya kupokea.

Tano, panga zamu. Wiki ya kwanza nyumba imejaa. Wiki ya sita hakuna mtu. Andikeni kwenye kalenda: wiki hii ni mimi, wiki ijayo ni wewe. Zungushieni duara siku nzito: siku ya kuzaliwa ya mtoto, siku shule zinapofunguliwa na wenzake wanapita njiani na sare mpya, sikukuu ya Krismasi au Idi, na siku aliyofariki. Siku hizo, mmoja wenu apite pale, hata kwa dakika kumi.

Katika jamii nyingine mtoto mdogo huzikwa upesi, na mama huambiwa asilie sana ili asizuie uzazi. Sitaki kudharau mila za mtu. Nasema tu kwamba machozi hayazuii mimba, na kumzuia mama kulia hakumponyi. Watu wa dini pia wanaweza kusaidia sana, mchungaji, padri au imamu akija kukaa na kusali na familia. Lakini akija mtu anayeahidi kuonyesha ni nani aliyemroga mtoto, familia itatoka pale na huzuni ileile, na uadui juu yake, na pesa zimekwenda.

Tusimsahau baba

Siku ya mazishi baba hushughulika na jeneza, magari na wageni. Wiki inayofuata anarudi kwenye boda boda yake au kazini mjini, na watu humuuliza, "Mama anaendeleaje?" Hakuna anayemuuliza, "Na wewe?"

Wanaume wengi hulia mbali na watu. Wengine hukaa kimya, wengine hufanya kazi hadi usiku, wengine huingia katika pombe. Mke naye humwona mumewe hataji mtoto, akadhani hajali. Mume humwona mkewe akilia kila siku, akadhani anamlaumu. Kumbe wote wanaumia, ila kwa njia tofauti. Wazee, wajomba na marafiki wa baba, mfuateni. Msimwite kikao. Kaeni naye kando ya pikipiki yake, mseme, "Ndugu yangu, tunamkumbuka kijana wako."

Neno kwa wazazi wawili: msilaumiane juu ya siku zile. Kila mmoja aseme anavyoumia bila kumnyooshea mwenzake kidole. Kuhusu kitanda, mmoja anaweza kutamani faraja ya mwenzake na mwingine asiweze. Zungumzeni kwa upole, pasiwe na kulazimishana. Na mkisukumwa na ukoo kwamba mpate mtoto mwingine haraka, mna haki ya kusema bado. Njoo kliniki tukushauri juu ya upangaji uzazi mpaka mwili na moyo vitakapokuwa tayari. Atakayezaliwa azaliwe kuwa yeye mwenyewe. Asije kujaza nafasi ya aliyeondoka.

Watoto waliobaki

Watoto wa nyumba hiyo wamepoteza ndugu, na mara nyingi wamekaa kwa nyanya miezi mingi wazazi wakiwa hospitalini. Sasa wanajiuliza maswali ambayo hawasemi. Je, nami nitaugua? Je, ni kwa sababu siku ile nilimpiga?

Waambie ukweli kwa maneno mepesi. Sema, "Baraka aliugua ugonjwa unaoitwa saratani. Madaktari walijaribu, lakini mwili wake ulishindwa, akafa. Hatarudi. Hukufanya chochote cha kumuua. Nawe hukuambukizwa." Usiseme, "Amelala," maana mtoto ataogopa kulala. Usiseme, "Amesafiri," maana atamngoja barabarani kila jioni.

Mtoto mdogo hulia kidogo, kisha huenda kucheza. Si kwamba hana huzuni. Hivyo ndivyo watoto wanavyoomboleza. Wengine hurudia kukojoa kitandani, kushikilia nguo za mama au kushuka darasani. Usimchape. Mweleze mwalimu wake. Na ninyi walimu, kabla ya kuliondoa dawati la mtoto aliyefariki, zungumzeni kwanza na wenzake wa darasani. Wape nafasi ya kumtaja. Mkiwa na daftari zake, wapelekeeni wazazi. Msizitupe.

Ni wakati gani wa kutafuta msaada zaidi?

Huzuni si ugonjwa, lakini mtu anaweza kuugua ndani ya huzuni. Mpeleke mzazi kituo cha afya ukiona mojawapo ya mambo haya:

Hali wala halali kwa siku nyingi, na anakonda.

Wiki nyingi zimepita na bado hawezi kuoga, kupika wala kuwaangalia watoto waliobaki.

Anakunywa pombe au kutumia dawa nyingine ili asahau, na inazidi.

Anasema hana haja ya kuishi, anataka kumfuata mtoto, au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu.

Hilo la mwisho lisingoje kesho. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za shambani na kamba zilizo karibu. Muulize waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo kichwani. Humpa nafasi ya kupumua. Kisha fuatana naye hospitalini. Zamani watu waliogopa kusema, kwa kuwa kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu. Asiogope kumwambia muuguzi.

Unaweza pia kupiga simu bila malipo nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kuna washauri wa kuzungumza nawe. Hospisi nazo hazimalizi kazi mtoto anapofariki. Kenya ina hospisi tangu mwaka wa 1990, ilipoanzishwa Nairobi Hospice, na leo hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha huduma hiyo. Uliza kama wana kikao cha wazazi waliofiwa. Mzazi akikutana na mzazi mwenzake aliyepita njia ileile, mara nyingi huongea kwa mara ya kwanza.

Na mhudumu mwenzangu unayesikiliza, muuguzi, afisa wa kliniki, mhudumu wa afya ya jamii: tusigeuke sokoni. Familia iliyotujua kwa miezi mingi ikitupoteza pamoja na mtoto, inafiwa mara mbili. Piga simu. Pita nyumbani kwao. Kama ulikosea, sema.

Tunapomaliza

Nilibadilisha namna ninavyouliza lile swali la daftari. Siku hizi nasema, "Mama, umejaliwa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi?" Kisha nangoja, hata foleni iwe ndefu namna gani. Mama Baraka alipokuja tena na Neema kupimwa uzito, nilimuuliza hivyo. Akajibu, "Wawili. Aliye hai ni mmoja." Nikaandika. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akasema, "Sawa, sista," akamfunga Neema mgongoni kwa leso, akaenda.

Basi msikilizaji, tukumbuke haya. Saratani ya mtoto si laana wala kosa la mama. Nenda kwa waliofiwa, hata kama huna maneno. Mtaje mtoto kwa jina lake. Saidia kwa mikono. Muulize baba naye. Waambie watoto ukweli. Ukiona dalili za hatari, usingoje.

Nina ombi moja. Kabla ya wiki hii kwisha, mfikirie mzazi mmoja unayemjua aliyefiwa na mtoto, iwe ni mwezi uliopita au miaka kumi iliyopita. Pita kwake. Mwite kwa jina alilopewa na mtoto wake wa kwanza, kama ulivyokuwa ukimwita.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya dalili za saratani kwa watoto, na mahali pa kwenda ukiziona.